Madumu Mepesi ya Shemeji Linusi

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyofunga ndoa ni Jumamosi moja ya mwezi wa sita, siku ambayo nzi hawakuja.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda barazani kwetu Msamala, napara samaki. Samaki wa ziwani hao, wametoka Mbamba Bay na barafu imewaishia njiani, na unajua mwenyewe samaki wa namna hiyo ukimpasua nzi wanapata habari kabla ya jirani. Ukungu wa asubuhi ulishapanda, jua limetoka, matumbo ya samaki yako wazi kwenye beseni. Nikapara wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kimya. Niliona kuna kitu kimepungua pale barazani lakini sikujua ni kitu gani. Kisha akaja nzi mmoja. Akazunguka juu ya mchicha wangu, akatua kwenye jani pana, akajipangusa miguu kama wanavyofanya. Halafu akaanguka chali kwenye udongo, akazunguka kama pia, akatulia.

Mimi nikafurahi. Sikufichi, nilifurahi. Nikasema Mungu kanipa baraza lisilo na nzi.

Sasa ngoja nirudi nyuma kidogo ili unielewe. Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo usitegemee maneno ya kitabuni. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Mume wangu Damasi alikuwa utingo wa lori, leo yuko Njombe, kesho Makambako, nyumbani anapita kama mgeni. Tulipanga vyumba viwili kwa mama mmoja anaitwa Mama Kalista, na uwanja wake wote ulikuwa umesakafiwa kwa saruji, hakuna pa kuchimba hata shimo la kitunguu. Mimi nimekulia shambani, upande wa Peramiho. Kumwomba mtu mboga naona aibu. Basi nikaanza kupanda kwenye vyombo.

Nilianza vibaya. Nilichukua vyungu vikubwa vilivyopasuka mdomo, na tairi la gari nikalijaza udongo mwekundu wa kwetu, ule ukilowa unakuwa kama jiwe. Kila Mama Kalista akitaka kuanika mahindi yake ananiambia, wewe Mama Editha, ondoa makaburi yako hapa. Naviburuta mpaka kiuno kinakatika. Ndiyo maana nikawa natamani vyombo vyepesi kama mwenye kiu anavyotamani maji, na mtu mwenye tamaa, mwanangu, hachunguzi.

Aliyenitimizia ile tamaa ni shemeji yangu Linusi, mdogo wake Damasi. Namtaja jina kwa makusudi. Wapo wanaoniambia nisamehe, nimwache, mambo ya zamani. Msemo wa watu wa zamani ni kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi nimeubeba huu mwenyewe, najua uzito wake. Linusi alikuwa anafanya kazi kwenye ghala moja la tumbaku upande wa Namtumbo. Akaniletea madumu kumi na mawili, meupe, mapana, mepesi, unabeba manne kwa mkono mmoja. Lebo zote zimekwanguliwa kwa kisu.

Nikamuuliza yalikuwa na nini. Akacheka.

"Shemeji, wewe unataka dumu au unataka historia yake?"

Na mimi nikacheka. Hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa, kwenye kicheko hicho. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani; mimi sikufungua. Niliyasuuza mara moja kwa maji ya baridi, nikayakata ubavu yakawa kama mitumbwi midogo, nikachoma msumari kwenye mkaa ili nitoboe matundu ya maji chini. Msumari ulipopenya, plastiki ilitoa moshi, na ule moshi ulinuka kitunguu saumu kilichooza. Nikageuza uso pembeni, nikaendelea kutoboa.

Udongo nilichanganya vizuri, hilo siwezi kujinyima. Niliacha ule mwekundu peke yake, nikachukua mweusi wa bondeni, nikatia pumba za mpunga zilizokaa na mbolea ya mbuzi iliyooza. Dumu likijaa bado nalisogeza kwa mguu. Nikapanda mchicha, chainizi na figiri. Ikaota, mwanangu. Mpaka leo sijaona mboga kama zile. Majani mapana kama sahani, kijani cha kutisha, na hakuna jani hata moja lenye tundu.

Watu walikuja kutazama. Mama Kalista aliyeniita mchimba makaburi sasa akawa anawaonyesha wageni kama zake. Lakini kuna vitu nilikuwa naviona peke yangu asubuhi kabla watu hawajaamka vizuri, wakati ukungu umelala uwanjani. Sisimizi weusi walikuwa na njia yao ya siku zote ukutani. Walikuwa wakifika karibu na madumu, wa mbele anasimama, kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka kitu, halafu msafara mzima unapinda, unazunguka mbali, unarudi ukutani upande wa pili. Kila siku hivyo hivyo. Kipepeo mmoja alikaa ukingoni mwa dumu siku tatu. Siku ya tatu nikamgusa, akavunjika.

Kuku wangu wa kwanza alidonoa chainizi, akaanza kutembea kinyumenyume. Shingo imepinda, anarudi nyuma polepole kama anavutwa na kamba, mpaka akagota ukutani akafa. Wa pili na wa tatu vile vile. Nikasema ni kideri, ugonjwa wa kuku.

Sasa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bibi Melania. Mjane, mtu mzima sana, macho mekundu kwa moshi wa kuni, hana mtoto aliyebaki. Kwa watu wa kwetu, mama mzee wa namna hiyo anahitaji kuishi kwa uangalifu, maana wapo wanaosubiri tu mtu augue wamtaje kuwa mchawi. Alhamisi kabla ya ile Jumamosi alikuja na khanga yake kiunoni. Nikampa shikamoo, akaitikia, akasimama mbele ya madumu. Akachuma jani moja la mchicha, akaligeuza, akalitazama mgongoni, akalinusa, akalilaza chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

"Mama Editha, hapa unakula na nani?"

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba wao walivyofundishwa na bibi zao, mboga mpya huvuni mpaka umwone panzi ameshaonja, kwa sababu panzi hana sababu ya kukudanganya. Akasema mboga yote hii na sina hata mdudu mmoja wa kula naye. Akasema harufu ile anaijua, marehemu mumewe alikuwa akipulizia tumbaku ya watu, akirudi jioni shati linanuka hivyo hivyo.

"Mboga isiyo na mlaji usimpe mtoto," akasema, akaondoka.

Badala ya kushika lile la tumbaku, mimi nikashika lile la mtoto. Kwa nini ataje mtoto? Nilikuwa na mmoja tu, Editha, miaka minne, mpenda mchuzi wa mboga kuliko nyama. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hilo nililiimba darasani nikiwa mdogo. Lakini kuimba na kusikia ni vitu viwili.

Basi turudi Jumamosi. Nikapika wale samaki, nikachuma mchicha nikaunga kwa karanga, Linusi akawa amekuja kututembelea. Tukakaa mkekani. Linusi akala ugali na samaki. Mboga hakugusa. Nikamtania kwamba shemeji umekuwa tajiri huli majani. Akasema tumbo lake halitaki. Mimi nikala kidogo. Editha akanywa mchuzi kwenye bakuli mpaka akalaza kichwa nyuma.

Haikupita muda mrefu. Mtoto akaanza kutoka udenda, si udenda wa mtoto, ni udenda kama kamba. Jasho likamtoka na ilikuwa kipupwe, watu wamevaa masweta. Akaniita mama, nikamtazama machoni, nikataka kukimbia. Mboni zilikuwa zimekwisha. Zimebaki kama ncha ya sindano, vidoti viwili, na yeye ananitazama kupitia hivyo vidoti kama mtu aliye ndani sana ya kisima. Mimi mwenyewe ulimi umekuwa mzito, na nyama ya shavu inachezacheza yenyewe. Mtoto akatapika, akatapika tena, akalala kama aliyekufa. Jioni akaamka akaomba maji. Kutapika ndiko kulikomwokoa.

Bibi Melania alisikia, akaja mlangoni na kusema tumpeleke mtoto hospitali na tuchukue dumu moja tuwaonyeshe. Linusi akasimama mlangoni akamzuia. Akanigeukia mimi akasema, shemeji, huyu alijuaje mtoto atapata nini kabla hajala? Na mimi nikamwambia Linusi maneno yote ya Alhamisi. Kwa mdomo wangu huu. Tena nilipofika kwenye lile shati la marehemu, Linusi akasema, unaona, anajua mpaka harufu ya sumu yake.

Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Nami nilikuwa natafuta ukutani kwa jirani.

Jumatatu asubuhi Linusi akaleta mganga. Unajua kwetu huku kulikuwa na mambo ya kunyoa. Mtu akishukiwa uchawi ananyolewa kichwa mbele ya watu, ndipo uchawi unatoka na nywele. Ukikataa umejithibitisha, ukikubali umejithibitisha. Yule mganga alikuwa kijana kuliko nilivyotegemea, amevaa koti la suti na raba. Mama Kalista akatoa kigoda chake mwenyewe. Naye namtaja, alitoa kigoda, na alitoa na wembe.

Bibi Melania hakubishana. Alikaa. Akanyolewa kavukavu, nywele nyeupe zinaanguka kwenye khanga, na uwanja umejaa watu. Kichwa chake kilipobaki kitupu kilionekana kidogo, kama cha mtoto. Mganga akazikusanya zile nywele akazizika ndani ya dumu la mwisho, katikati ya figiri, akakandamiza udongo kwa kidole gumba. Kisha akasema sasa mboga zimesafishwa, zipikwe tule, bibi aanze. Kama ameacha mabaya yake hatapata kitu.

Nikapika. Mikono yangu hii ndiyo iliyochuma.

Nikaweka sufuria uwanjani. Bibi Melania akauliza akishakula yeye anafuata nani. Mganga akasema anafuata mtoto, maana mtoto ndiye aliyelogwa. Editha alikuwa amesimama mbele yangu, bakuli lake analo mkononi tayari. Nikamtazama Linusi. Linusi alikuwa anatazama chini, anachora sakafu kwa kidole cha mguu. Alijua. Nasema alijua, na siku nikisimama mbele ya Mungu nitasema hivyo hivyo.

Bibi akanyoosha mkono.

"Nipeni sufuria yote. Na ugali."

Akala. Nilidhani ataonja. Hakuonja, alikula kama mtu aliyetoka kulima kutwa, tonge kwa tonge, bila haraka. Watu wakaanza kucheka. Mmoja akasema nyuma yangu kwamba mchawi hashibi, mwingine akasema mpeni na sufuria aitafune. Yeye anakula. Alipofika nusu alinitazama.

"Umeunga vizuri, Mama Editha. Chumvi tu ndiyo umeogopa."

Akaendelea. Akachukua mchuzi uliobaki akaunywa, akapangusa sufuria kwa tonge la mwisho, pande zote, mpaka bati likang'aa. Hakubakiza hata cha kulamba kidole. Akaigeuza mdomo chini, akaiweka. Editha akaanza kulia kwamba bibi kamaliza.

Na hapo hapo, katika kile kilio, ndipo nilipoelewa. Ilikuwa kama mtu kanimwagia maji ya mtoni. Nilimwona yule mama ameketi na kichwa chake kidogo kitupu, udenda umeanza kumtoka pembeni mwa mdomo, na hajaufuta. Nilipiga kelele siku hiyo mara moja tu, kwamba tafuteni gari. Mganga hakuonekana tena. Watu walipungua mmoja mmoja, uwanja ukabaki na kigoda.

Tulimpeleka hospitali kwa gari la kubeba mchanga, mimi nimempakata nyuma, na dumu moja nimelibana katikati ya miguu. Muuguzi alipomfunua jicho akaniuliza huyu mzee amepulizia dawa gani. Nikamwonyesha dumu. Akalinusa akalitoa nje mbio. Walimpigania, hilo nalishuhudia, sindano juu ya sindano. Lakini alikuwa amekula chakula cha watu kumi, na alikuwa mzee.

Kabla ya jua kuzama alifungua macho, vidoti viwili. Sijui kama alikuwa ananiona.

"Mtoto kala?"

"Hajala, bibi."

Akafumba.

Editha yuko hai. Amezaa, watoto wake wawili wananiita bibi, na kila wakiniita moyo unanidunda kwa sababu jina hilo nilimnyang'anya mtu. Damasi alirudi akakuta matanga ya jirani, akaondoka na hakurudi tena kuishi nami. Linusi alipobanwa alisema ndiyo, alijua ni dawa ya tumbaku, kule ghalani waliambiwa madumu yatobolewe yasitumike tena, ila alidhani udongo unaimaliza. Leo ana nyumba nzuri na kwenye misa ya kwanza anakaa benchi la mbele. Mama Kalista anasema hakumbuki. Kwa hiyo walioua ni Linusi, na yule mganga wa raba, na Mama Kalista, na wa nne ni mimi, niliyeunga kwa karanga. Sijitoi.

Siku ya kuyaharibu madumu nilihesabu kumi, na la kumi na moja ni lile lililobaki hospitali. Lile lenye nywele halikuwepo. Nimelitafuta Msamala yote. Na juzi, mwanangu, miaka mingi hivi, nimepita barabarani nikaona vijana wamepanga vyombo vya maua vya kuuza, wamepaka rangi ya bluu na njano, vimependeza. Nikainama. Chini ya rangi, dumu pana la plastiki, jepesi kubeba, ubavuni michoro ya kisu. Nikamuuliza kijana lilikuwa na nini. Akacheka kicheko kile kile.

Ndiyo maana nimeandikisha haya, nikasoma mwenyewe, nikayasahihisha.

Panda kwenye vyombo vyepesi, sikukatazi, mgongo wako ni mmoja. Kiroba cha sandarusi ni kizuri ukikikunja mdomo, ndoo iliyokuwa na mafuta ya kula ni nzuri, hata kikapu cha mianzi ukikitandika mfuko ndani kitakufaa misimu miwili. Udongo uwe mwepesi pia, pumba na mboji, na kabla hujachagua mahali pa kuweka kumbuka kwamba ukimwagilia uzito unaongezeka, hivyo usininginize kwenye boriti iliyooza. Chombo chepesi kinaangushwa na upepo, kiwekee jiwe chini, lakini usizibe matundu. Cheusi kinachoma mizizi, kiweke kivulini mchana. Hayo yote ni madogo, ukikosea utapoteza mboga tu.

Lakini chombo kilichobeba dawa ya shamba, iwe ya tumbaku, ya korosho au ya kahawa, hakioshwi kikawa safi. Si kwa sabuni, si kwa majivu, si kwa maji ya moto. Usikipandie, usitekee maji, usimpe mtoto achezee. Chombo usichojua kilikotoka hesabu kwamba kimetoka huko. Na ukiona mtu anatoka udenda na mboni zimekuwa ncha ya sindano, usitafute nani kamtazama vibaya, kimbia hospitali na hicho chombo mkononi.

Kubwa kuliko yote, mama mzee akija mlangoni kwako na neno baya, msikilize mpaka mwisho. Mara nyingi neno lenyewe ni zuri, ila kalibeba peke yake njia ndefu.

Nenda sasa. Mungu akukuzie unachopanda, awape wanao kushiba kusikokuwa na kilio. Akupe jirani wa kukuambia ukweli ungali kijana, na siku atakapokuambia, akupe moyo wa kumwamini kabla hajalazimika kula badala yako.